Mikono Mitupu ya Iftimie

Nilimlipa mama wa marehemu kwa kitu alichonipa bure kwa ajili ya roho ya mwanawe. Hilo ndilo kosa langu. Nalisema mlangoni kabisa, ili huko mbele usije ukanihurumia mahali nisipostahili huruma.

Kijijini kwetu Frasinoaia sadaka ya marehemu haina bei. Mtu akifa, siku ya arobaini vitu vyake hutolewa. Mwenye kutoa hukupa juu ya mshumaa unaowaka, husema, "Kiwe cha roho ya fulani," nawe huitika, "Mungu amsamehe." Ukiitika, kitu kimevuka. Hapa unakitumia wewe, kule anacho yeye. Usipoitika, kimebaki njiani. Hivyo ndivyo bibi alivyotufundisha, na Padri Zaharia, aliyesoma kuliko sisi sote, hajawahi kumpinga.

Iftimie alikuwa mwenzangu kwenye kiwanda cha mbao. Msumeno ulikuwa umemla kidole cha pete cha mkono wa kushoto, na kwa vidole vitatu vilivyobaki, ukiacha gumba, alipiga gitaa watu wakasahau kula. Gitaa lenyewe lilikuwa la umeme, la mitumba, alilinunua sokoni mjini Iasi kwa askari aliyemaliza jeshi. Zamani lilikuwa jekundu. Lilipomfikia yeye rangi ilikuwa imebanduka pale mkono unapolala, na kitufe kimoja cha sauti kilikuwa kimepotea, akachomeka kifuniko cha dawa ya meno mahali pake. Shingo ilikuwa imepinda kidogo. Uzi wa tatu ulilegea kila wimbo ulipokwisha. Ukilichomeka lilinguruma kama nyuki ndani ya kopo, mpaka uziguse nyuzi ndipo litulie. Gitaa la watu wa hali ya chini, kwa kifupi. Nililitamani hata ndani ya liturujia, Mungu anisamehe, padri akiinua kikombe mimi nikiliwaza.

Majani yalipoanza kupukutika, mti ulimwangukia Iftimie msituni. Hakuongea tena. Alimwacha mama yake, Mama Safta, peke yake katika nyumba ya vyumba viwili juu ya kilima.

Siku ya arobaini ilikuwa ya jua la baridi, ya kupendeza. Tulitoka kanisani tukapanda kwa Mama Safta. Meza ndefu uani, kabichi zilizofungiwa nyama na mchele, ngano ya kuchemsha na asali, pombe ya matunda ya plamu kwenye vikombe vidogo. Ni lazima niseme jambo moja hapa. Baba yangu aliunywa mshahara wake hadi akafa, na sisi tulikuzwa na meza za marehemu. Hakuna arobaini ambayo mama hakutupeleka, mimi na dada yangu Ruxanda, tukiwa na mifuko mitupu. Shuleni waliniita Toader Matanga. Nilikuwa mtu mzima, nina kazi, lakini jina lilikuwa limenishika kama lami.

"Jamani, Matanga kafika!" Petrache alipiga kelele nilipoingia. Petrache ndiye aliyepiga ngoma kwenye bendi ya Iftimie, na mdomo wake haukuwa na mlango. "Ficheni sufuria!"

Watu wakacheka. Kwetu arobaini watu hucheka. Marehemu mwenyewe hapendi meza iliyonuna.

Mama Safta akatoka ndani. Mkono wa kulia alishika gitaa, wa kushoto mshumaa. Akanitafuta kwa macho.

"Toader, mwanangu. Njoo." Akaninyooshea. "Liwe la roho ya Iftimie. Wewe ndiye ambaye alikuwa akikuachia ulipige."

Nililishika. Nilifungua mdomo niitike.

"Ona, Matanga kapandishwa cheo!" akasema Petrache nyuma yangu. "Zamani alipewa kabichi, leo kaongezewa na muziki wa kuteremshia!"

Uani pote wakaangua kicheko. Neno likakwama. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa noti, nikaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni ya Mama Safta mbele ya kila mtu.

"Nimelinunua," nikasema. "Mimi si maskini, Mama Safta."

Akautazama mfuko wa aproni. Mshumaa ukazimika. Nilijiambia ni upepo. Lakini mashati yaliyoanikwa uani hayakutikisika.

*

Nyumbani nililiunganisha na redio ya zamani ya babu, ile yenye taa za kioo ndani, maana amplifaya hatukuwa nayo. Waya nyuma ya redio, subiri taa zipate moto, halafu ile sauti nene, yenye mikwaruzo kidogo, ikajaa chumba. Siwezi kukueleza furaha yake. Nilipiga kila jioni baada ya kazi, vidole vikachubuka vikaota sugu. Kabla ya Krismasi Petrache mwenyewe akaja kuniomba nichukue nafasi ya Iftimie kwenye bendi.

"Bila gitaa tunaonekana kama msafara wa mazishi," alisema. "Na wewe unalo. Umelinunua, au siyo?"

"Nimelinunua," nikasema.

Tulipiga harusi mbili. Kwenye ya pili, Petrache aliniinamia kati ya nyimbo. "We Toader, unamwiga marehemu mpaka kidole?"

Nikatazama mkono wangu wa kushoto. Kidole cha pete kilikuwa kimejiinua, kimenyooka, mbali na nyuzi. Nilikuwa nikipiga kwa vitatu. Sikujua tangu lini.

Nilikishusha. Kilikuwa baridi, kama si cha kwangu.

Nilijisifu, nakiri. Watu walisema, "Sikilizeni, kama Iftimie!" nami nikavimba kichwa. Nilikuwa nikisali asubuhi na jioni, nafunga Jumatano na Ijumaa, na sikuona haya.

Januari ndipo Ruxanda aliporudi kutoka kisimani na habari.

"Mama Safta katoa kitanda," alisema.

"Kampa nani?"

"Wale wa kando ya reli. Mwenyewe analala chini. Kashatoa makoti, viti, blanketi. Wiki jana katoa viatu." Akashusha sauti. "Anasema Iftimie anamjia ndotoni. Hasemi kitu, kaka. Anasimama miguuni pake, ananyoosha mikono. Mikono mitupu. Kila akitoa kitu, anakuja tena, vilevile."

Nilikuwa nakula. Kijiko kilibaki hewani.

"Anakohoa," Ruxanda akaongeza. "Akiendelea hivi hatafika Pasaka."

Nilijua. Usidhani sikujua. Nilijua ni kitu gani kilichobaki njiani, na nani aliyekizuia. Ilinibidi tu nipande kilima, dakika chache, niseme neno moja. Lakini kulisema ni kukiri kwamba nilipokea sadaka kama zamani, na kwamba maneno yote ya kununua yalikuwa uongo. Nikawaza Petrache atakavyocheka. Nikaendelea kula.

Nilikwenda kuungama kwa Padri Zaharia. Nikamwambia nimetukana kazini, nimekula siagi siku ya mfungo. Akaniuliza, "Kuna jingine?" Nikasema hakuna.

Kisha Mama Safta akaniita. Mimi mwenyewe. Alikuwa na jiko dogo la chuma, akataka nilipeleke kwa mkokoteni kwa mjane mmoja bondeni. Theluji ilinifika magotini. Ndani hapakuwa na kitu. Picha takatifu ukutani, godoro la majani sakafuni, na hilo jiko, ambalo bado lilikuwa na uvuguvugu.

"Mama Safta," nikasema, "utaganda."

"Kuganda si kitu. Iftimie ana shida zaidi." Alikuwa amesinyaa kuliko nilivyomkumbuka. Akanishika mkono wa kushoto, akakitazama kidole changu cha pete muda mrefu. "Mwanangu, mlifanya kazi pamoja. Niambie. Alikuwa anapenda nini ambacho mimi nimekisahau?"

Huo ulikuwa mlango, na aliufungua wote.

"Sijui, Mama," nikasema.

Nikalibeba jiko lake. Nikalipakia mkokotenini kwa mikono yangu, nikalishusha kilimani, na sikugeuka nyuma.

*

Jumamosi ya kuwaombea marehemu, kabla ya Kwaresima, wanawake wote hupeleka mikate kanisani. Asubuhi hiyo nilikuwa jikoni nanyoa ndevu, jua limejaa dirishani. Ruxanda alikuwa mezani anafunga mikate yake kwenye kitambaa. Kutoka chumbani kwangu gitaa lililia.

Wimbo wa polepole. Ule ambao Iftimie alikuwa akimpigia mama yake jioni. Mimi sikuwahi kujifunza kuupiga.

Ruxanda hakuinua kichwa. "Kaka, usiku mzima umepiga, na leo pia? Heshimu siku ya..."

Akainua kichwa. Akaniona. Nilikuwa nimesimama mbele yake, povu usoni, wembe mkononi.

"Toader," akanong'ona. "Kama wewe uko hapa, chumbani yuko nani?"

Wimbo uliendelea. Haukuwa na haraka.

Tulikwenda pamoja. Alinishika shati. Nikausukuma mlango. Wimbo ukakatika.

Hapakuwa na mtu. Redio ilikuwa imezimwa, waya wake wa umeme umeviringwa juu yake, kama nilivyouacha. Gitaa lilikuwa limelala kitandani. Nyuzi bado zilikuwa zinatetemeka. Uzi wa tatu ulikuwa umelegea.

Na kwenye shuka, ukingoni, palikuwa na bonde. Bonde la mtu aliyekaa.

"Umefanya nini?" Ruxanda akaniuliza. Si "nini hiki." Aliniuliza, umefanya nini.

Hata yeye sikumwambia.

*

Kesho yake, Jumapili alasiri, tulikuwa na harusi kwenye ukumbi wa kijiji, maana Kwaresima ikianza hakuna ndoa. Nilitaka kukataa. Lakini kukataa kungehitaji sababu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Watu walishikana mabega, wakazunguka, sakafu ikanguruma. Petrache aliwatania wakwe. Bibi harusi alicheka. Jua lilikuwa bado linaingia kwa madirisha makubwa ya upande wa mto.

Tulipoanza wimbo wa tatu, mkono wangu ukapoa.

Kwanza kidole. Kisha kiganja. Kisha mkono mzima hadi kiwiko. Nikahisi vidole juu ya vidole vyangu. Vitatu. Vizito, vyenye sugu. Vikavishika vyangu na kuvipeleka.

Wimbo ulibadilika. Mpiga kodiani alinitazama. "Unapiga nini wewe?" Petrache akapiga ngoma mara mbili, tatu, akitafuta mapigo. Hakuyapata. Akaacha.

Ukawa ule wa polepole.

Wachezaji wakasimama. Mmoja mmoja. Mikono ikashuka mabegani. Nilijaribu kuuvuta mkono. Haukuja. Nilijaribu kulitupa gitaa. Mkanda ulikaza. Shingoni nilihisi pumzi, baridi, yenye harufu ya utomvu wa mti uliokatwa sasa hivi.

"Toader, acha," Petrache alisema. Kwa mara ya kwanza maishani sauti yake haikuwa na mzaha. "Acha, ndugu yangu. Tafadhali."

Siwezi, nilitaka kusema. Siwezi.

Mlango ukafunguka.

Mwenye msiba haingii harusini kabla ya mwaka kuisha. Kila mtu kwetu anajua. Lakini Mama Safta alisimama pale mlangoni, mweusi toka juu hadi chini, na miguuni alikuwa na soksi za sufi tu, zimelowa theluji. Alikuwa ameusikia wimbo kutoka kilimani. Aliufuata.

Hakunitazama mimi. Alitazama juu ya bega langu, juu kidogo, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa. Iftimie alikuwa mrefu.

"Mwache, mwanangu," akanong'ona. "Utamvunja mkono."

Vidole vikaachia.

Gitaa likanyamaza. Mkono wangu ukaanguka kando kama kitambaa. Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, maharusi, wakwe, watoto wamejificha nyuma ya sketi za mama zao, na mimi nikapiga magoti palepale.

"Mama Safta," nikasema. "Sikuitika."

"Najua."

"Nilikulipa ili nisiitike. Niliona haya kuitwa Matanga. Nilisikia umetoa viatu. Nilisikia. Jiko lako nilibeba mwenyewe." Nililia kama mtoto, makamasi na yote. "Uliponiuliza anapenda nini, nilijua."

"Najua, mwanangu. Nilijua tangu siku ya arobaini."

"Kwa nini hukusema?"

"Sadaka ya kulazimishwa haivuki." Akakohoa, akajishika ukutani. "Nilidhani viatu vitamtosha. Nilidhani jiko."

Nyuma yangu Petrache alikuwa ameviweka chini vijiti vyake vya ngoma. "Mdomo wangu huu," alisema taratibu. "Mdomo wangu huu."

"Nipe tena," nikamwomba Mama Safta.

Mama wa bibi harusi akaja mbio. "Humu ndani? Mambo ya maiti kwenye harusi ya mwanangu? Tokeni nje, nawasihi, tokeni!" Na alikuwa na haki. Tukatoka barazani. Mpishi akatuletea kipande cha mshumaa, ule unaowashwa umeme ukikatika. Petrache akavua viatu vyake, akapiga goti akamvisha Mama Safta, yeye akabaki na soksi kwenye barafu.

Nikalirudisha gitaa mikononi mwake. Akalishika kama anavyoshikwa mtoto aliyelala. Akaupitisha mshumaa chini yake.

"Liwe la roho ya Iftimie."

Watu wote walikuwa wametoka, wamejipanga kwenye ngazi.

"Mungu amsamehe," nikaitika. Nilipaza sauti hadi ikarudi kutoka ng'ambo ya mto.

Mshumaa uliwaka wima. Upepo ulikuwa unavuma, matawi ya miti ya mipopla yalikuwa yanainama, na ule mwali haukutikisika.

*

Vitu vyake hakukubali virudishwe. Kilichovuka hakirudi, alisema. Basi nilimjengea jiko la matofali, Petrache akachonga kitanda, wanawake wakaleta blanketi. Kikohozi kilimwachia karibu na Pasaka. Yuko hai mpaka leo.

Nilimwuliza mara moja kama Iftimie bado anamjia.

"Haji tena," alisema. Akatabasamu. "Ana shughuli sasa." Kisha akautazama mlango, akautazama muda mrefu, na tabasamu likaondoka polepole. Hapo nikaelewa kwamba hata nilipolitengeneza kosa langu nilimnyang'anya kitu.

Gitaa liko kwangu. Siku ya pili baada ya harusi nililichomeka kwenye redio. Taa zilipata moto. Halikunguruma. Nikapiga nyuzi. Kimya. Nilibadilisha waya. Nikaazima gitaa la mtu wa kijiji jirani, likalia vizuri kwenye redio ileile. Nikamwita fundi kutoka mjini, akalifungua, akapima, akasema hakuna kilichokufa humu. Kisha akauvuta uzi mnene kwa kidole, bila umeme, akaliweka sikio karibu. Hata uzi mtupu ukivutwa husema kitu. Akavuta tena. Uzi ulikuwa unatetemeka, tuliuona sote wawili, na hapakuwa na sauti yoyote. Akafunga mkoba wake. Hakutaka chai, na hakutaka malipo.

Nimelifungia kabatini. Ufunguo nalala nao. Kila mwaka nalitoa kulifuta vumbi, na kila mwaka vile vyuma vya shingoni, vinapokanyagiwa nyuzi, vimelika zaidi. Vimechimbika upya, vinang'aa kama vya gitaa linalopigwa kila siku, na chini yake kuna unga mwembamba wa chuma.

Nina ombi moja. Ukisali leo, mtaje Safta. Iftimie ana wengi wa kumwombea. Yeye yuko peke yake kule kilimani.